Mwanza hadi Cyanika kwa pikipiki: shajara ya kupanga safari

Mei 9

Njia imepatikana. Mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tutatoka Mwanza na pikipiki mbili, tuingie Rwanda kwa Rusumo, tupite Kigali hadi Musanze, tuvuke kuingia Uganda kwa Cyanika chini ya mlima Muhabura, tushukie Kisoro na Kabale, kisha turudi nyumbani kwa Mbarara, Masaka, Mutukula na Bukoba. Muda tulio nao ni mapumziko ya Sabasaba na siku mbili za ruhusa kazini, basi. Naandika kila tunachoamua ili mwingine wa huku ziwani akitaka kupita njia hii apate pa kuanzia.

Kutoka Rwanda kwenda Uganda tulikuwa na milango mitatu ya kuchagua. Kagitumba uko mashariki kwenye nchi ya chini, barabara imenyooka, na kwa mtu mwenye haraka ndio wa kuchukua. Gatuna, ambao upande wa Uganda unaitwa Katuna, ndio mlango wa barabara kuu ya Kigali–Kabale na malori yote ya mizigo. Ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Cyanika ni mlango mdogo, uko pembeni, unarefusha safari, na ndio tunaoutaka. Muhabura una meta 4,127 na barabara inapita miguuni pake. Sisi tumekulia kwenye majabali na maji, na kilima kirefu tunachokijua ni cha Bugando. Ziwa letu liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata hapa si bondeni, lakini mlima wa volkano nimeuona kwenye picha tu. Nataka niuone nikiwa nimeshika usukani.

Pikipiki: yangu Boxer BM 150, yake Honda XL 125 ya zamani.

Mei 11

Kalenda. Mwaka huu Sabasaba inaangukia Jumanne, kwa hiyo tunaondoka Jumamosi ya Julai 4. Nimempigia rafiki yangu wa Musanze, tuliyesoma naye chuo kikuu cha SAUT pale Nyegezi, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimeangalia umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda nzima hutoka kufanya kazi za pamoja asubuhi, na mpaka zinapoisha shughuli husimama na barabarani husafiri mwenye sababu maalumu tu. Mwezi wa Juni hiyo ni tarehe 27, kwa hiyo haitugusi. Julai 4 ni Siku ya Ukombozi kwao, sikukuu, na mpaka unafanya kazi kama kawaida. Vilevile Kigali wana Jumapili mbili kila mwezi ambazo baadhi ya barabara za mjini hufungwa asubuhi ili watu wafanye mazoezi. Sisi tutapita Kigali Jumapili. Hatutaingia katikati ya mji kabla saa sita, tumemaliza.

Mei 16

Karatasi. Hapa ndipo safari ya haraka inapofia, na nimekaa nazo wiki nzima.

Pasipoti tunazo wote wawili. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa, sisi Watanzania hatumo katika mpango huo. Mtu asije akafika Rusumo na kadi ya NIDA peke yake. Asiye na pasipoti aombe hati ya dharura ya safari Uhamiaji kabla hajaanza kununua tairi.

Chanjo ya homa ya manjano. Uganda huidai kwa anayeingia, na Tanzania huidai kwa anayerudi kutoka nchi zenye ugonjwa huo, Uganda ikiwemo. Yangu niliichoma miaka ya nyuma na bado ni halali, kwa sababu tangu Julai 2016 cheti hakina mwisho, ni cha maisha. Shemeji hana. Cheti kinaanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo hii si kazi ya kuachia wiki ya mwisho. Anachoma Jumatatu.

Bima. Ile stika tuliyonayo inaishia mpakani. Kinachovuka ni kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania imebaki ndani ya mpango wake ingawa yenyewe ilijitoa COMESA, ule umoja wa kibiashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Inalipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine kwenye nchi ya wenyewe. Unaichukua kwa kampuni yako ya bima juu ya bima ya kawaida, na cha kuangalia kwa macho yako mwenyewe kabla hujatoka dirishani ni orodha ya nchi kwenye hiyo kadi: Rwanda na Uganda ziwe zimo, na tarehe zivuke siku ya kurudi. Tunaongeza wiki moja mbele. Pikipiki ikiharibika Kabale, sitaki bima nayo iishe tukiwa tunasubiri spea.

Kadi ya pikipiki ndiyo yenye kazi. Yangu ina jina langu. Ya shemeji bado ina jina la mwalimu aliyemuuzia, na mkataba wa mauziano wamekaa nao kabatini tangu siku hiyo. Mjini hakuna aliyewahi kumuuliza. Forodha wataiuliza, maana kule kila nchi unayoingia inakupa kibali cha muda cha chombo, na kibali kinaandikwa kwa jina la mwenye chombo. Kuna watu wanavuka na barua ya idhini kutoka kwa mwenye kadi. Nimemwambia shemeji tusiende na barua, tubadilishe umiliki TRA kabisa: mkataba, kadi ya zamani, namba za mlipakodi za wote wawili. Barua ni karatasi ya kubembelezea afisa, na milango ya kubembeleza itakuwa mitatu.

Mei 23

Shemeji amechoma sindano. Mwalimu amepatikana, amehamia Magu, atakuja mjini Ijumaa kusaini.

Mei 30

Leo tumeshinda gereji Mabatini. Fundi wetu ni mzee wa makamo, alianza kazi enzi za Honda za miradi, na XL anaifungua kama anamenya ndizi. Nilimweleza tunakokwenda. Akafuta mikono, akaniuliza swali moja.

"Huko juu mnafika meta ngapi, baba?"

Nikamwambia kati ya Kisoro na Kabale barabara inapanda mpaka msitu wa Echuya, zaidi ya meta 2,200.

Nilikuwa nimekwenda na wazo la kubadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli inayoingia kwenye injini. Hewa hupungua karibu sehemu moja ya kumi kwa kila meta 1,000 unazopanda. Mafuta yanayonyonywa hayapungui kwa kiasi hicho, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inapata masizi, na pikipiki inakosa pumzi mlimani pale pale unapoihitaji. Fundi akakataa. Sababu yake ni hii: pikipiki zetu zimeshazoea hewa ya Mwanza, ambayo tayari ni ya juu kuliko ya Dar es Salaam, na tofauti iliyobaki mpaka Echuya ni kama meta 1,100. Ukiweka jeti ndogo kwa ajili ya nusu siku ya mlima, siku nyingine zote utaendesha na mchanganyiko mwepesi, injini itachemka, na injini inayochemka Biharamulo mchana na mzigo mgongoni ni hasara kubwa kuliko kukosa pumzi kidogo Kanaba, ule mpando wa kutoka Kisoro. Alichofanya ni kusafisha kabureta, kubadilisha chujio la hewa, na kutuonyesha skrubu ya hewa ilipo: kule juu, ikianza kukohoa kwenye mwendo wa chini, fungua nusu mzunguko, ukishuka rudisha. Plagi mpya moja kila mtu mfukoni.

Pumzi ya mlimani tumeitafuta kwenye spoketi. Ya mbele tumeweka yenye jino moja pungufu kwenye Boxer, cheni mpya. Mwendo wa juu utapungua, na sina haja nao, maana hatuna mpango wa kupita kilometa 70 kwa saa mahali popote.

Breki ndizo zilizomchukua muda. Boxer yangu ni ya ngoma mbele na nyuma. Fundi alitoa breki shu za nyuma akanipa mkononi: juu zilikuwa nene, lakini uso wake umeng'aa kama kioo, na alipopitisha ukucha haukuacha alama. Hapo zimekwisha iva, akasema, zitashika mjini, mlima mrefu zitaachia. Kuanzia Kabale kurudi huku kuna miteremko mingi, na ngoma ikishika moto haina pa kuupeleka. Zimewekwa mpya pande zote, na kebo ya mbele imebadilishwa. Amri aliyotupa ni kushuka na gia ile ile ambayo ungepandia, breki iwe ya kugusa na kuachia.

"Ukisikia harufu, simama unywe maji. Usijifanye mwanaume."

Tairi ya nyuma ya XL imekataliwa. Mpya inaletwa Jumatano.

Juni 6

Kadi ya shemeji imetoka, jina lake. Nimefurahi kuliko yeye.

Juni 7

Safari ya kujaribu, pikipiki zikiwa na mzigo wote: Mwanza, Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, Katoro mpaka Bwanga, na kurudi. Daraja la J.P. Magufuli limeibadilisha kabisa hesabu ya safari za magharibi. Kabla ya Juni 19, 2025, lilipofunguliwa, mpango wowote wa kwenda Geita ulianza na kivuko, na kivuko hakipangiki: unaweza kukikuta kinaondoka, unaweza kukaa Kigongo ukila samaki mpaka jua likuchome. Sasa ni kilometa 3 za lami juu ya maji. Kitu cha kuangaliwa darajani na mwenye pikipiki ni upepo. Mchana unavuma kutoka ziwani ukiwa umenyooka, na mzigo mpana unakuwa tanga. Mabegi yangu yalikuwa yametokeza nje ya usukani kila upande, nimeyabana yaje ndani.

Boxer na mzigo, mwendo wa 60 hadi 65, inakwenda zaidi kidogo ya kilometa 40 kwa lita moja. Tangi ni la lita 11. Kwa njia yenye sheli kila mji, hakuna haja ya kubeba dumu la petroli, na dumu la petroli mlimani nyuma ya mgongo wa mtu silitaki hata kwa bure. XL inakunywa zaidi na tangi lake ni dogo, kwa hiyo anayeamua wapi tujaze ni shemeji.

Kamba tulizofungia mizigo ni zile za nyavu, tumezinunua Kirumba mwaloni. Mpira wa kufungia uliojaa madukani unalegea ukipata jua. Hizi hazilegei, na fundo la mvuvi linafunguka hata likiwa limelowa.

Juni 13

Leo nimekaa na saa, na mpango wote umepinduka. Hii ndiyo sehemu ninayoiona ya maana kuliko nyingine, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Mwanzo tulikuwa tunagawa kilometa: zote ngapi, kwa siku ngapi, tulale wapi. Njia hiyo inakupeleka mlimani saa yoyote itakayotokea. Tumegeuza. Tumeanza na swali moja, ni saa ngapi tunataka kuwa kati ya Cyanika na Kabale, halafu siku nyingine zote tumezipanga kuelekea hapo.

Rafiki yangu wa Musanze anasema asubuhi mapema ukungu unakaa kwenye miinuko ya Kisoro na Echuya, na huwa unainuka jua likikolea. Jioni baridi linashuka haraka, na Kabale ni miongoni mwa miji ya baridi sana Uganda. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya kiangazi kule, hilo liko upande wetu. Kwa hiyo mlima tunautaka kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana, saa za Uganda.

Na hapa lazima useme saa za nani. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, Uganda iko sawa na sisi. Tukivuka Rusumo tunapewa saa moja, tukivuka Cyanika tunairudisha. Aliyepanga kwa simu inayojibadilisha yenyewe atadhani ana asubuhi ndefu Musanze, kumbe saa moja yake inaliwa pale kwenye geti. Tumekubaliana simu ya shemeji ibadilike, saa yangu ya mkononi ibaki ya Mwanza mwanzo mpaka mwisho, na tukizungumza mipango tutumie ya Mwanza.

Kwa saa za Mwanza basi:

Jumamosi tunaondoka saa 12 na nusu asubuhi, kukianza kupambazuka. Mpaka Rusumo ni karibu kilometa 400: Geita, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, Benaco. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilometa 92, ndicho cha uangalifu, kwa sababu malori yote ya bandari ya Dar es Salaam yanayokwenda Kigali yanapita hapo, na lori likikupita upepo wake unakusukuma kwanza halafu unakuvuta. Rusumo tufike saa tisa alasiri. Kuna kituo cha pamoja cha mpakani tangu 2016, kwa hiyo unapokwenda Rwanda hausimami kwetu, unavuka daraja la Kagera na maafisa wa nchi zote mbili unawakuta upande wa Rwanda. Saa moja tumeitenga. Kulala ni Kibungo, kilometa 60 hivi mbele, na jua bado lipo.

Jumapili ni siku fupi kwa makusudi. Kibungo, Kayonza, Rwamagana, Kigali, Musanze. Ni kama kilometa 200, na nusu ya pili yote ni kona na kupanda. Tufike Musanze saa kumi, tupumzike, tukague breki na cheni kungali mwanga.

Jumatatu tunatoka Musanze saa 2 asubuhi. Cyanika iko kilometa 25, saa 3 tuko getini, saa moja ya karatasi, saa 4 na nusu tunakunywa chai Kisoro. Saa 5 tunaanza kupanda Kanaba. Kabale saa 8. Mbarara, kilometa 145 mbele, kabla ya saa 12 jioni.

Jumanne: Masaka, Kyotera, Mutukula, Kyaka, Bukoba. Jumatano nyumbani.

Kisoro kuna njia nyingine inayokwenda Bunagana, mpaka wa Kongo, ambao waasi wa M23 waliuteka Juni 2022. Huko hatuelekei hata kwa kuchungulia.

Mke wangu ameusoma mpango huu mezani. Akasema Jumapili ameielewa, Jumamosi ndiyo haipendi. Nami siipendi. Lakini ndiyo bei ya kupata asubuhi ya Jumatatu, na tuna pa kukatia: tukichelewa kupita Biharamulo saa saba na nusu mchana, tunalala Benaco upande wetu, tunavuka Jumapili alfajiri, na Jumatatu inabaki kama ilivyo.

Juni 20

Mkono wa kulia. Rwanda wanaendesha kulia, na tutakuwa kulia kutoka Rusumo mpaka Cyanika, kisha kushoto tena. Barabara iliyonyooka haina tabu, unafuata wenzako. Tabu iko mahali patatu. Mzunguko wa barabara, ambao kule unauingia kwa kukata kulia, kinyume na wetu. Kutoka sheli asubuhi barabara ikiwa tupu, ambapo mkono wenyewe unakurudisha kushoto. Na kona za mlimani.

Kona nimezichora kwenye karatasi na shemeji mpaka tumeelewana. Ukiwa unaendesha kushoto, kona inayokata kulia ndiyo ya hatari, kwa sababu ukilala nayo tairi iko upande wako lakini kichwa na bega vimevuka mstari wa kati, na lori linaloshuka halitaona tairi, litakukuta kichwa. Ukiwa kulia, kona hiyo inakuwa ile inayokata kushoto. Kwa hiyo mazoea yetu yote ya kuogopa kona za kulia yanahamia kushoto tukifika Rusumo, kisha yanarudi kulia Cyanika, na Kanaba inaanza muda mfupi tu baada ya hapo. Ndiyo maana hiyo chai ya Kisoro imeandikwa kwenye ratiba. Kilometa 12 hivi kutoka getini mpaka Kisoro ni za kuurudisha mwili kushoto kabla mlima haujaanza.

Nimebandika kipande cha gundi nyekundu juu ya tangi, mshale unaoonyesha kulia. Getini Cyanika unabanduliwa unageuzwa. Hakuna kuwasha injini kabla mshale haujageuzwa, mimi namkagua yeye, yeye ananikagua mimi.

Juni 28

Mizigo na fedha.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na huulizwa mpakani. Kwetu nako marufuku ilianza Juni 2019, lakini nguo bado tunazifunga kwenye nailoni za ukubwa huo huo wa zamani. Zimetolewa zote. Nguo zimeingia kwenye viroba vya kushonwa na turubai juu. Mama mkwe ametaka tumpelekee mwenyeji wetu wa Musanze dagaa wa Mwanza. Sikuweza kumkatalia. Wamekaangwa kabisa, wamewekwa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na kifuko cha kitambaa ndani.

Baridi: sweta, glovu, koti la mvua ambalo litavaliwa hata bila mvua, kwa ajili ya upepo. Shemeji amesema glovu ni mbwembwe. Nimemwekea jozi yake kwenye begi langu.

Fedha tunabadilisha kidogo kidogo kila mpaka, ya kutosha mafuta, chakula na kulala usiku unaofuata. Faranga zilizobaki tunazimaliza kwenye mafuta Musanze kabla ya Cyanika. Hela ya dharura iko kwa kila mtu, haichanganywi.

Lugha haitatusumbua sana. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na barabarani Uganda madereva na mafundi wengi wanakijua.

Kuhusu kurudi kwa meli kutoka Bukoba: tulilitamani, kulala usiku kucha ndani ya MV Victoria na kushuka Mwanza asubuhi, pikipiki chini kwenye shehena. Limeondolewa kwenye mpango. Meli ina ratiba yake, na ukiitegemea unaanza kukimbia tangu Mbarara ili uiwahi. Jumanne ni siku ya kuvuka Mutukula na kupita Kyaka, pale daraja lililovunjwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, na huo ndio mto ule ule wa Kagera tutakaokuwa tumeuvuka Rusumo Jumamosi, safari hii ukiwa umekaribia kuingia ziwani kwetu. Sitaki kupita hapo natazama saa. Tunalala Bukoba, Jumatano tunapita Muleba na Chato mpaka Geita, tunaliona daraja letu jioni.

Julai 2

Yamekamilika haya: pasipoti mbili, vyeti vya chanjo viwili, kadi za njano za bima zenye Rwanda na Uganda, kadi za pikipiki kwa majina yetu, leseni, nakala tatu za kila karatasi. Nakala zangu ziko kwenye begi la shemeji, zake ziko kwangu, kwa hiyo begi moja likipotea hakuna atakayekwama.

Vifaa tumegawana. Mimi: pampu, tyubu mbili, viraka, spana za ekseli. Yeye: kebo ya klachi na ya breki, kiungo cha cheni, plagi, balbu, waya, tochi ya kichwani. Pancha tumezizoea, tairi ya nyuma ya Boxer nimeitoa na kuirudisha leo uani, wanangu wawili wakinishikia spana.

Bado moja: XL ilikuwa inavuja oili kidogo kwenye kifuniko cha klachi. Fundi ameweka gasketi mpya leo mchana, kesho asubuhi tunaipandisha Bugando na mzigo, tunaishusha, tunaitazama. Ikitoa hata tone, Boxer inakwenda na watu wawili mpaka Rusumo na kurudi, na Cyanika inasubiri Agosti. Hilo shemeji amelisema mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kanuni za Jumatatu tumeziandika kwenye karatasi moja, imo mfukoni mwa kila mtu. Mbele anakwenda mwenye XL, kwa sababu ndiyo dhaifu kwenye kupanda na mwendo uwe wake. Taa zimewashwa muda wote. Kila baada ya kona ndefu wa mbele anatazama kioo, asipomuona mwenzake anasimama mahali pa wazi, harudi nyuma kwenye kona. Ukungu ukiwepo Kanaba tunasubiri chini. Na tukiwa hatujaanza kupanda saa 8 mchana kwa sababu yoyote ile, geti, mvua, pancha, tunalala Kisoro na Mbarara inafutwa siku hiyo. Ruhusa ya Alhamisi nimeshaiomba kwa ajili hiyo, na bosi amekubali.

Tunakutana Buhongwa sheli, Jumamosi, saa 12 na robo, matangi yakiwa yamejaa.